Siagi ya kakao au mafuta magumu ya kiwandani? Uhakiki wa mafuta manne ya kutengenezea supozitwari, Bukavu

Mtoto mwenye homa kali anayetapika kila anachomezeshwa hana faida na kidonge, na mzazi anayemleta katika farmasi ndogo kama yetu ya Kadutu, hapa Bukavu, anachouliza ni supozitwari, yaani dawa iliyogandishwa katika mafuta, yenye umbo la ncha ya kidole, ambayo huingizwa kwa njia ya haja kubwa ikayeyukie humo. Zile za kiwandani zipo, ila hutufikia kwa vipindi, na mara nyingi kipimo kinachobaki rafuni ni cha mtu mzima. Kuikata supozitwari ya mtu mzima vipande viwili ili kumpa mtoto ni kubahatisha, kwa sababu hakuna anayejua dawa imelala upande gani. Ndiyo maana mfamasia mwenye kalibu hutengeneza mwenyewe, na kinachomsumbua si parasetamoli, ambayo ni unga unaojulikana, bali ni mafuta ya kuubeba.

Kwa miezi kadhaa nimenunua na kujaribu mafuta manne, yote yakiwa yamezaliwa na mbegu za mimea: siagi ya kakao, mafuta ya kokwa za mchikichi, siagi ya mti wa karite, na mafuta magumu ya kiwandani ambayo wauzaji huyaita kwa majina ya kibiashara kama Witepsol au Suppocire. Nilikuwa natafuta mafuta yatakayobaki magumu ndani ya mkoba wa mama anayepanda mlima kurudi kwake, kisha yakayeyuka bila kusita kwenye nyuzi 37 za mwili. Nafasi kati ya masharti hayo mawili ni nyembamba sana. Mafuta yanayoyeyuka kwenye nyuzi 30 humwagika njiani, na yale yanayongoja nyuzi 40 hukaa mwilini kama kokoto, yakaja kutoka na dawa yake ndani.

Nianze na siagi ya kakao, kwa kuwa ndiyo iliyonipendeza na ndiyo iliyoniadhibu.

Kwanza, tahadhari ya sokoni. Mkebe wenye picha ya tunda la kakao unaouzwa kwenye meza za vipodozi si siagi ya kakao, au tuseme una kijiko chake kidogo ndani ya mafuta mengi ya petroli na manukato. Mama aliyeniuzia wa kwanza alikuwa mkweli kuliko mkebe wake: «Papa, hii ni ya kupakaa mwili, usije ukaipika.» Siagi halisi, kwenye ubaridi wa asubuhi wa Bukavu, ni kipande kigumu cha rangi ya manjano hafifu kinachovunjika kwa mlio, kinachonukia chokoleti, na ambacho ukikiweka upande wa ndani wa kifundo cha mkono kinaanza kuteleza baada ya muda mfupi. Kama hakivunjiki bali kinapindika, mrudishie mwenyewe. Niliyoitumia niliiagiza kwa muuzaji wa malighafi, ikaja kama tofali la kilo moja lililofungwa kwa karatasi ya fedha. Tofali la kwanza halikuwa na namba ya toleo wala tarehe, na pembeni lilikuwa limeanza kuchacha. Baada ya kubishana nililipata la pili, lenye cheti, na hilo ndilo ninalolihakiki hapa.

Inachekesha kidogo, kama si kuudhi, kwamba kakao inalimwa kwa wingi Beni na Mambasa, lakini sehemu kubwa inavuka mpaka ikiwa mbegu kavu zilizotiwa magunia, halafu siagi yake inaturudia kutoka ng'ambo kwa bei ya ng'ambo. Bei hiyo ilizidi kupanda mwaka 2024, pale tani moja ya kakao katika masoko ya dunia ilipovuka dola 10,000, na tofali la siagi likawa linapimwa kwa macho ya mtu anayepima dhahabu.

Ubora wa siagi hii kwa kazi yetu unatokana na jinsi asidi zake za mafuta zilivyopangwa. Takriban theluthi moja ni asidi ya steariki, theluthi nyingine ni oleiki, na robo hivi ni palmitiki, nazo zimeshikana katika aina chache tu za molekuli zinazofanana sana. Kwa sababu zinafanana, karibu zote huyeyuka kwa pamoja, kwenye nyuzi 34 au 35 hivi, badala ya kulainika polepole kama yafanyavyo mafuta yenye mchanganyiko mpana. Ndiyo siri ya chokoleti mdomoni, na ndiyo siri ya supozitwari. Wafamasia wa Ulaya waliijua mapema, na katika Marekani anayetajwa kuileta katika kazi hiyo ni A. B. Taylor wa Philadelphia, mwaka 1852. Niliweka supozitwari yangu katika glasi ya maji niliyoyashikilia kwenye nyuzi 37, nikaona imekwisha kuwa tone la mafuta juu ya maji kabla dakika kumi hazijatimia. Famakopea ya Ulaya, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inazipa supozitwari za mafuta hadi dakika 30.

Lakini siagi hiyohiyo ina tabia ya kugeuka. Fuwele zake hazigandi kwa namna moja. Namna iliyo imara ndiyo inayoyeyuka kwenye nyuzi 34 au 35, na zipo namna dhaifu ambazo huyeyuka kwenye nyuzi ishirini na kitu, au hata chini ya 20. Ukiipasha moto kupita kiasi unaua mbegu zote za fuwele imara, na ikipoa haina mfano wa kuufuata, hivyo inaganda katika umbo dhaifu. Nilijifunza hilo kwa mkono wangu. Jioni moja umeme ulikatika, nikahamishia bakuli langu kwenye babula, jiko letu la makaa, nikaenda kumhudumia mteja mmoja, na niliporudi kipimajoto kilikuwa kimepita 50. Siagi ilikuwa safi na angavu kama mafuta ya kukaangia, jambo ambalo lingemfurahisha mpishi. Nikamimina. Asubuhi yake, ingawa chumba kilikuwa na baridi ya kuvaa sweta, supozitwari zilikuwa laini kama samli, zimeng'ang'ania kuta za kalibu, na nilizitoa kwa kijiko. Zile chache nilizozibakiza kwa udadisi zilijikaza zenyewe baada ya siku kadhaa, maana fuwele dhaifu huelekea kurudi kwenye uimara, lakini mtoto mwenye homa hawezi kusubiri fuwele zibadili nia.

Njia sahihi ni ya subira. Siagi huparuzwa ikawa kama unga wa nazi, theluthi mbili zikayeyushwa juu ya maji ya uvuguvugu, si ya moto, kisha bakuli likaondolewa na theluthi iliyobaki ikakorogewa humo, ili vipande vyake vipeleke mbegu za fuwele imara kwenye mchanganyiko mzima. Kiasi cha joto kisipite nyuzi 35. Dalili ya kufaulu ni kwamba mafuta hayawi angavu. Yanabaki na ukungu, mazito kama maziwa ya mtindi yaliyopigwa. Uzito huo nao una faida ambayo sikuitarajia. Parasetamoli haiyeyuki vizuri ndani ya mafuta, inaelea tu, na katika mafuta mepesi yenye moto hushuka chini na kujikusanya kwenye ncha. Katika siagi iliyo na ukungu, unga unakaa ulipo. Nilizikata supozitwari kadhaa kwa wembe, ncha na kitako, nikazilinganisha kwa jicho na kwa mizani, na siagi ya kakao iliyoshughulikiwa kwa upole ndiyo iliyonipa mgawanyo wa kuridhisha kuliko zote.

Upungufu wake mwingine ni kwamba haisinyai sana inapoganda, kwa hiyo haijibandui kutoka kwenye kalibu. Ni lazima kalibu ipakwe mchanganyiko mwembamba wa sabuni, gliserini na alkoholi kabla ya kumimina. Haipendi maji, hivyo dawa iliyo katika mmumunyo wa maji haikai ndani yake. Na inalegezwa na mafuta mepesi yenye harufu, kama ya mkaratusi. Katika mji huu, ambako wazazi wengi wamezoea supozitwari za kikohozi zenye mkaratusi, hilo ni jambo la kila wiki. Nta kidogo ya nyuki, kama asilimia 4 hivi, hurudisha ugumu, lakini nta yenyewe huyeyuka juu ya nyuzi 60, na ukizidisha unatengeneza mshumaa. Hapa niweke wazi kwamba watoto walio chini ya miezi 30, na wale waliowahi kupata degedege, siwatengenezei supozitwari za mkaratusi hata mzazi akinuna. Ulaya ilikwisha kuzizuia kwa watoto hao tangu 2011 kwa sababu ya hatari kwa mishipa ya fahamu, na sioni kwa nini watoto wa Kivu wawe wagumu zaidi.

Mafuta ya kokwa za mchikichi niliyapokea kwa matumaini, kwa kuwa ni ya kwetu na ni ya bei nafuu. Nisisitize kwamba sisemi mawese, yale mekundu yanayotoka katika nyama ya tunda, bali mafuta meupe yanayokamuliwa kutoka katika kokwa baada ya ganda kupasuliwa. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na huyeyuka kati ya nyuzi 25 na 30. Usiku wa Bukavu yanaganda vizuri na kukudanganya kwamba kazi imekwisha. Mchana jua likipiga bati, supozitwari inaanza kutoa jasho, na ukiishika inakuachia nusu yake vidoleni. Yale niliyonunua sokoni yalikuwa pia na harufu ya moshi, kwa sababu kokwa zilikaangwa kabla ya kukamuliwa. Kwa nywele na ngozi ni mafuta mazuri mno. Kwa supozitwari, yakiwa mabichi jinsi yalivyo, hapana.

Siagi ya karite, itokanayo na mti wa Vitellaria paradoxa, sitaichelewesha. Inayofika huku ni ya upande wa mashariki, wa kaskazini mwa Uganda na jirani zake, ambayo ina asidi nyingi zaidi ya oleiki na kwa hiyo ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Ilinipa kitu cha kupaka, si cha kufinyanga. Labda atakayepata ile ya magharibi atasema mengine. Vilevile kuna mbegu za miti ya Allanblackia katika misitu ya Kongo, zenye mafuta ambayo zaidi ya nusu yake ni asidi ya steariki, magumu kwa hakika, na yangefaa kuchanganywa na yale laini. Lakini Bukavu sikumwona mtu anayeyauza, na uhakiki wa kitu kisichonunuliwa ni hadithi.

Mafuta magumu ya kiwandani ndiyo yanayotumiwa sasa na viwanda vingi. Huja kama chembe nyeupe zisizo na harufu, mithili ya shanga zilizobonyezwa, na aina niliyoinunua, Witepsol H15, huyeyuka kati ya nyuzi 33.5 na 35.5. Asili yake ni mafuta ya nazi na ya kokwa za mchikichi, yaani ndugu wa yaleyale niliyoyakataa hapo juu: kiwanda kinayapasua kuwa asidi, kinazishibisha kwa haidrojeni, kinachagua zile kinazozitaka, kisha kinaziunganisha upya na gliseroli kwa kipimo. Katika nchi hii kampuni ya Lever ilipewa maeneo makubwa ya michikichi tangu 1911 ili Ulaya ipate sabuni, na bado mimi nasubiri gunia la mafuta ya kokwa litoke ng'ambo likiwa limegeuzwa shanga. Haya, tuendelee.

Katika matumizi, bidhaa hii inasamehe. Niliipasha hadi nyuzi 50 kwa makusudi, nikaipoza, na ikarudi vilevile, kwa kuwa hali zake dhaifu hazidumu. Inasinyaa vya kutosha inapoganda, hivyo supozitwari zinadondoka zenyewe kalibu inapofunguliwa, bila sabuni. Haichachi upesi, kwa sababu asidi zake zimeshibishwa. Hata hivyo ina kasoro mbili. Haipendi baridi ya ghafla: niliziweka kalibu katika friji mara baada ya kumimina, na nikatoa supozitwari zilizopasuka kama udongo wa kiangazi. Na ikiwa na moto inakuwa nyepesi mno, kiasi kwamba parasetamoli inazama huku ukitazama. Dawa yake ni kuacha ipoe ikikorogwa mpaka ianze kuwa nzito, ndipo umimine. Kwa maneno mengine, hata bidhaa inayosamehe inataka mtu asiye na haraka.

Kwa mafuta yoyote yale, hesabu haina msamaha. Kalibu inapima nafasi, haipimi uzito, na unga unaoingia unafukuza kiasi fulani cha mafuta. Gramu 1.5 za parasetamoli hufukuza gramu 1 ya mafuta. Kwa hiyo mtu anayetaka supozitwari 12 za watoto, za gramu 1 kila moja na zenye miligramu 125 za dawa, anahitaji gramu 1.5 za parasetamoli na gramu 11 za mafuta, si 12 wala 10.5. Nimeona mikono yenye uzoefu ikitoa tu uzito wa dawa kutoka katika jumla, na matokeo ni kalibu isiyojaa na kipimo kisichojulikana. Ongeza kidogo juu ya hesabu kwa ajili ya kile kinachobaki bakulini, kwa uwiano uleule.

Jaribio nililolithamini kuliko yote halikufanyika mezani. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hali yake ya hewa inazilinda supozitwari bila kuulizwa. Lakini wateja wetu wengine wanatoka Uvira, kando ya Tanganyika, ziwa lililo karibu mita 700 chini ya Kivu, na kati yetu na wao kuna tambarare ya Ruzizi ambayo kila aliyeipita saa nane mchana anaikumbuka. Nilimpa dereva mmoja wa basi dogo boksi lenye supozitwari za aina tatu, zikiwa zimefungwa moja moja katika karatasi ya alumini, nikamwomba aende nalo na kurudi nalo, asilifunike wala asilihurumie. Aliporudi aliniambia, «Muganga, hizi dawa zako zimechoka kuliko abiria.» Za kokwa za mchikichi zilikuwa mafuta matupu. Za siagi ya kakao zilikuwa bapa, zimeganda upya kwa kufuata mikunjo ya karatasi. Za mafuta magumu zililainika na mbili zikapinda, lakini nyingine zilibaki na umbo lake.

Si kwamba zile zilizoganda upya zinaweza kutumiwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, hata wauzaji: supozitwari ikiyeyuka ndani ya karatasi na kuganda tena, inaweza kuonekana nzima, kumbe dawa yote imelala upande mmoja na siagi ya kakao imerudi katika fuwele dhaifu. Niliyakata yale mabapa, na chembe nyeupe za parasetamoli zilikuwa zimejipanga chini kama mchanga wa mtoni. Zote zilikwenda kwenye taka. Kwa safari za tambarare, viwanda vina aina zinazoyeyuka kwa joto la juu kidogo, na hizo ndizo mtu wa Uvira au wa Lubumbashi ya mwezi wa 10 anapaswa kuziagiza, badala ya kunakili ninachokifanya mimi huku juu.

Kwa upande wa fedha, siagi ya kakao yenye cheti ilinigharimu karibu mara mbili ya mafuta magumu kwa kilo, jambo ambalo miaka michache iliyopita lingekuwa ajabu. Kipimajoto kizuri kiligharimu chini ya vyote na kimeokoa zaidi ya vyote. Na kwa msomaji anayefikiria kuyajaribu haya jikoni kwake na siagi ya kupakaa: asifanye hivyo, kwa kuwa mafuta ya vipodozi hayajapimwa kwa ajili ya utando wa ndani ya mwili, na parasetamoli ikizidi huharibu ini la mtoto kimyakimya.

Kwa sasa rafu yangu ina mikebe miwili. Mafuta magumu ndiyo ninayoyatumia kwa agizo lolote linalovuka Kamanyola, pale tambarare ya Ruzizi inapoanzia, kwa kazi za msaidizi wangu ambaye bado anajifunza, na kwa siku ambazo umeme hauaminiki. Siagi ya kakao naitunza gizani, imefungwa dhidi ya hewa, kwa ajili ya agizo la mtoto wa jirani litakalotumika usiku uleule, ninapokuwa na nusu saa ya kusimama juu ya bakuli bila mtu wa kuniita. Lile tofali la kwanza lililochacha mke wangu aliligeuza sabuni.